Kichaka Nilichokikata kwa Kisu

Mwangaluka nyote mliobaki gatini.

Siku naondoka, meneja alisema, "Bibi Mbuke, ukifika kwa mwanao utuandikie hayo mambo ya dole gumba, maana hapa hakuna anayeyajua yote." Nikasema nitaandika. Ilikuwa kabla ya mvua. Sasa mvua zimekatika, huku Bariadi watu wanavuna pamba, na mimi ndiyo kwanza nashika kalamu. Sikuchelewa kwa uvivu. Mkisoma mpaka mwisho mtajua.

Daftari ni la mjukuu, nimelianzia nyuma. Darasa langu ni la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na mistari inapanda mlima. Asiyeweza kuisoma amwombe mwenzake. Habari za vyeo na mshahara siandiki. Hizo ziko kwenye faili, faili liko ofisini, anayezitaka akaombe ufunguo.

Mimi ni mtu wa Lalago. Nimekulia kwenye pamba na ng'ombe, ziwa nililiona nikiwa mtu mzima tayari na mume nimeshamzika. Nilikuja Lamadi kwa dada yangu aliyekuwa anauza dagaa, nikapata kazi ya kufua shuka kwenye kambi ya wageni kando ya ziwa. Kambi wakati ule ilikuwa vibanda vinane na gati la mbao lenye mbao mbili mbovu ambazo kila mtu alizijua isipokuwa wageni. Walikuwa wanalala siku mbili wakitoka mbugani au wakienda, na wengi walitaka kushika sangara ili wapigwe picha naye.

Kamba yangu ya kuanikia ilipita nyuma ya banda la fimbo za kuvulia. Ndani ya banda alikaa Jilala, mvuvi wa Busega ambaye mgongo ulimkataza mitumbwi, ndipo akaajiriwa kufundisha wageni kurusha. Mrefu, maneno machache, kofia moja miaka yote. Siku ya tatu ya kazi yangu nilimkuta ameshika rili, kile kidude cha kukunjia mshipi wa kuvulia, na kisu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mgeni ametengeneza kichaka, mshipi umejisokota. Nakata."

"Usikate. Mshipi mzima huo."

"Mayu, wewe fua."

"Shuka zinakauka zenyewe. Nipe."

Akanipa ili anicheke. Mimi nilikuwa na sindano ya kushonea magunia ya pamba, nilitoka nayo Lalago, ncha yake butu. Nikakaa chini nikaanza kuinua kitanzi kimoja kimoja. Shuka zilipokauka kichaka kilikuwa kimekwisha na mshipi uko mzima. Jilala hakusema asante. Kesho yake aliniletea viwili.

Kwa walio wapya: rili ziko za aina mbili. Ile inayoning'inia chini ya fimbo haina matata, hata mlevi anairusha. Hii yetu inakaa juu ya fimbo kama kuku anayeatamia, na ndani yake kuna ngoma inayozunguka. Ukirusha, samaki wa bandia anavuta mshipi, mshipi unavuta ngoma. Baadaye samaki anapunguza mwendo hewani, lakini ngoma haina habari. Inaendelea kuzunguka na kumwaga mshipi usio na pa kwenda, mshipi unafura, unajisokota, tayari kichaka. Kinachoiambia ngoma ipunguze ni dole gumba lako. Kuna breki ya kuzungusha pembeni, ndiyo, lakini breki haijui kama upepo umegeuka.

Nilifungua vichaka miezi mingi kabla sijashika fimbo. Siku moja Jilala akaniuliza, "Unajua unachofungua?"

"Mshipi."

"Unafungua kosa la mtu. Tazama kabla hujagusa."

Ndipo akanifundisha kusoma kichaka. Hili mlishike, nitalirudia mbele. Vitanzi vikiwa vimelala kinyume na vimebana kwa chini, dole lilitoka mapema, ngoma ikakimbia bila mwenyewe. Vikiwa vimefura katikati, ni upepo, dole lilikuwepo lakini lilikuwa jepesi. Vikiwa juu juu na laini, samaki aligusa maji na dole likachelewa kukaba. Na kama hakuna vitanzi, ila mshipi umezama katikati ya mizunguko ya chini na umekwama humo, hilo siyo dole kabisa. Hapo aliyeuvisha mshipi ngomani aliuvisha ukiwa legelege.

Vya aina hiyo ya mwisho ni vichache. Watu wengi wanapenda kusema ni mshipi. Kichaka kinasema ni dole.

Nilipomwomba anifundishe kurusha alikataa kwanza, kwa sababu ya wavuvi. Wavuvi wa kwetu hawataki mwanamke aruke mshipi wala wavu. Ukiruka, wanasema samaki wameondoka. Jilala akasema, "Mimi siamini hayo. Lakini wanaotuletea chambo wanaamini. Ukitaka kushika fimbo, zunguka." Nikazunguka. Miaka yote ile nilizunguka fimbo zote zilizolazwa gatini, hata nikiwa na haraka. Hapa kwa mwanangu kuna mpira wa maji unalala uani. Nauzunguka mpaka leo. Mkwe anafikiri ni macho yamepungua.

Hakunianzishia majini. Alinipeleka kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, akafunga jiwe badala ya ndoana, akaweka beseni hatua hamsini mbele. Akasema ukitia jiwe ndani ya beseni mara tatu mfululizo utakuja gatini. Wiki ya kwanza sikulipata beseni. Nilipata ng'ombe.

Mwenye ng'ombe, Mzee Maduhu, akaja na fimbo yake ya kuchungia. "Nani amempiga ng'ombe wangu?"

"Mimi, baba," nikasema. "Samahani. Nilikuwa nalenga beseni."

Akatazama beseni. Akatazama shamba kavu. Akatazama ziwa lilivyo mbali. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mayu, unavua nini hapa?"

Jilala alicheka mpaka akashika mgongo. Ndiyo siku pekee niliyomwona meno.

Sasa kazi yenyewe. Geuza mkono ili kishikio cha kuzungushia kiangalie juu, hapo kifundo cha mkono kinakuwa huru. Weka dole ngomani kabla hujabonyeza kitufe cha kuiachia ngoma. Wageni wanabonyeza kwanza, samaki anaanguka miguuni, halafu wananitazama mimi. Dole lisikae katikati, likae upande kidogo, nusu juu ya mshipi na nusu juu ya ukingo wa ngoma. Samaki aning'inie chini ya ncha ya fimbo kiasi cha shibiri moja. Peleka fimbo nyuma bila hasira. Ikirudi mbele na kupita sikio, legeza. Nimesema legeza, sikusema nyanyua. Anayenyanyua dole ameacha kazi. Dole libaki juu ya mshipi unaokimbia, kama unavyomgusa mtoto shingoni kujua kama ana homa. Ukisikia mshipi unapanda kwenye nyama ya dole, umeanza kufura, ongeza kidogo. Ukisikia umekaa chini, mwache samaki aende. Na kabla samaki hajagusa maji, siyo akishagusa, kaba.

Upepo wa usoni unataka dole zito tangu mwanzo. Samaki mwepesi anataka dole jepesi na moyo wa subira. Dole lililolowa linateleza, lililokauka sana linaungua. Mafuta ya kupaka hapana, kapakeni jioni.

Jambo kubwa ni kwamba hayo yote hayaonekani. Aliyesimama pembeni anaona mkono unapita na samaki anaruka. Dole linajua peke yake. Kwa hiyo ni kazi ya upweke hata gati likiwa limejaa watu, na mimi ndivyo nilivyoipendea.

Jilala mgongo ulimshinda kabisa, akarudi kwao, na baada ya misimu miwili tulikwenda kumzika. Gatini nikabaki mimi. Asubuhi nilitandika vitanda, baadaye nilifundisha. Akaja bwana mmoja wa ofisi, na mke na watoto, na kofia mpya ya kuvulia.

"Mama, wewe si ndiye uliyetandika kitanda changu asubuhi?"

"Ndiye."

"Sasa mwalimu yuko wapi?"

"Amemaliza kutandika, amekuja."

Mkewe akaangalia pembeni. Bwana akasema yeye amevua baharini huko Mafia, hahitaji kufundishwa, akachukua fimbo, akarusha kwa nguvu ya mtu anayetazamwa. Kichaka kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa kiota cha kunguru. Akasema mshipi ni mbovu. Nikamwonyesha vitanzi vilivyolala kinyume. Nikamwambia, "Baba, dole lako lilikwenda Mafia, likabaki huko." Mkewe alikaa chini kwa kucheka. Alasiri yule bwana alirudi peke yake bila kofia, akaomba afundishwe taratibu, na mpaka anaondoka alikuwa anarusha vizuri kuliko wengi. Simsemi vibaya.

Nimeandika haya ya kuchekesha kwanza kwa sababu yanayofuata siyo ya kuchekesha.

Wengi wenu mlimkuta Kabula. Wasiomkuta, alikuwa mwanamke wa Mwanhuzi, wa miaka thelathini na kitu, mumewe alikwenda machimboni na hakurudi wala hakutuma neno. Alikuja kambini kufanya kazi jikoni. Nilimwona anavyomenya viazi, dole linavyotangulia kisu na kukingia, nikajua. Nikamwomba kwa meneja. Nikampeleka shambani na beseni. Siku ya nne jiwe liliingia mara tatu. Mimi nilichukua wiki tano.

Sikumwambia kwamba mimi nilichukua wiki tano. Nilimwambia, "Beseni kubwa, hata kipofu angepata."

Ndivyo nilivyomlea. Akirusha vizuri nilinyamaza. Akirusha vibaya nilisema. Yeye aliniita mayu, yaani mama, mimi nilimwita "wewe." "Wewe, leta fimbo. Wewe, visha mshipi." Tulikaa gatini misimu saba namna hiyo. Tulikula pamoja matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, kutoka sahani moja, yeye alizungumza, mimi niliitikia. Nilifikiri huo ndio ualimu. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na Jilala, ila Jilala siku moja alicheka.

Halafu dole likaanza kufa.

Lilianza kama ganzi ya asubuhi, ile ya kulalia mkono. Baadaye ganzi ikabaki mpaka mchana. Nikashika sufuria ya moto nikajua kwa harufu. Nilikwenda zahanati, yule kijana akasema ni sukari, inakula vidole kwanza. Akanichoma dole kwa sindano.

"Unasikia, bibi?"

"Nasikia."

Sikusikia. Niliona sindano inaingia, nikasema nasikia.

Sasa nifikirieni. Mtu ambaye kazi yake yote ni nyama ya dole moja. Kufua nilikuwa siwezi tena kwa kiuno. Nikisema dole limekufa, kesho naambiwa asante bibi, pumzika, na kupumzika maana yake ni kukaa kwenye kiti uani kwa mwanangu Bariadi nikitazama mlango. Nilikiona kile kiti kabla sijakikalia. Nikanyamaza.

Msimu mzima nilirusha kwa macho. Nilikaza breki, ile breki niliyokuwa naicheka, na nilirusha karibu. Wageni hawakujua. Kabula alisema mara moja, "Mayu, siku hizi breki umeikaza sana." Nikamwambia, "Wewe, tazama yako."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, hata upepo wa kusingizia hapakuwa. Walikuja wageni wawili wazee, mke na mume. Mke ndiye aliyekuwa anajifunza, mume alikaa kwenye benchi la kulia, mbali, mahali ambapo watu wamekaa miaka yote na hakuna aliyeguswa. Mke akataka kuona namna ya kurusha ubavuni, fimbo ikipita chini. Tulikuwa tunatumia samaki wa chuma asiye na ndoana, wa kufundishia. Rili ilikuwa ile ya kijani, ya Jilala, iliyobanduka rangi pale dole linapokaa. Nikaona breki ya kubana itaniaibisha, mshipi hautakwenda popote. Nikailegeza, kama zamani.

Nilipopeleka fimbo nyuma dole halikuwepo. Nilidhani lipo. Nililitazama baadaye nikaliona limekaa ukingoni, nje ya ngoma, limetulia kabisa. Samaki aliondoka kabla ya wakati, akaenda kulia. Ngoma ikakimbia bila mwenyewe, kichaka kikakaba, mshipi ukakatika kwa mlio. Halafu nikasikia yule mama anapiga kelele.

Mumewe alichanika juu ya jicho. Inchi moja chini na jicho lingekwenda. Kabula ndiye aliyefika kwanza, akavua khanga yake akamkandamiza. Walimpeleka kituo cha afya, wakamshona, akarudi kabla ya chakula cha mchana akasema yeye hana neno na mtu. Mzungu mpole. Lakini meneja wa wakati ule, siyo huyu wenu, alitaka kujua. Alikuja gatini, akauona mshipi uliokatika ukining'inia kwenye fimbo.

"Mshipi umekatika?"

"Umekatika," nikasema.

"Uliuvisha wewe?"

Hapa ndipo. Nimekaa na hapa tangu siku ile.

"Mshipi alivisha Kabula," nikasema. "Leo asubuhi."

Ilikuwa kweli. Ni yeye aliyeuvisha, na aliuvisha vizuri kama kawaida yake. Sikusema neno hata moja la uongo. Nilichukua neno la kweli nikaliweka mahali ambapo litafanya kazi ya uongo, kisha nikanyamaza nikaliacha lifanye. Na mtambue kwamba misimu saba nilimwita "wewe." Mara ya kwanza kulitaja jina lake ilikuwa pale.

Kabula alikuwa anaosha damu kwenye khanga. Akainuka. "Mayu, nikione hicho kichaka."

"Kuna nini cha kuona?"

"Nikisome tu."

Nikachukua kisu cha kuparia samaki, nikakikata kizima kutoka kwenye ngoma, nikakifunga kwenye ncha ya kitenge changu. Hajawahi mtu kuniona nakata. Meneja akamwambia arudi jikoni, gatini asikanyage. Alirudi jikoni siku nane. Ya tisa akafungasha, akapanda basi la kwenda kwao. Aliniaga. Alisema, "Baki salama, mayu." Mimi nilikuwa nahesabu ndoana. Niliendelea kuhesabu.

Hakuna aliyenishtaki. Ndiyo maana nilidumu misimu miwili zaidi, breki imekazwa, nikirusha karibu. Sikumfundisha mtu mwingine yeyote. Mlidhani ni ukali. Niliogopa atakayejua kusoma.

Sasa niko kwenye kile kiti. Mwanangu anakwenda ofisi za mkoa asubuhi, mkwe anakwenda dukani, watoto shuleni. Bodaboda zinapita mpaka jioni na hakuna inayosimama kwetu. Jirani ana cherehani, nikaenda siku moja nikaomba nishike gurudumu la uzi, nikaliweka chini ya dole likizunguka. Nililiona linazunguka. Yule dada akasema, "Bibi, unataka kushonewa nini?" Nikamwambia hakuna, nikarudi kukaa. Hapa watu wananiheshimu sana. Hakuna anayeniuliza kitu.

Kile kichaka nilikuwa nacho kwenye kopo la kahawa. Nilikuwa nakitoa nakitazama. Mikono ilitaka kukifungua, maana imezoea. Lakini nikikifungua hakitasema tena, na nilikuwa nimeamua kitasema. Kwamba nitawaletea gatini, niwaambie, someni: vitanzi vimelala kinyume, vimebana kwa chini. Hilo ni dole. Siyo mshipi. Nikaona kwanza nikionyeshe kwa mwenyewe. Mwezi uliopita nikapanda basi la Mwanhuzi.

Nilimkuta sokoni, anashona magunia ya dengu ya mfanyabiashara mmoja. Ana sindano kama yangu. Amekonda, lakini mkono ni ule ule.

"Mwadila, Kabula," nikasema.

Akainua uso. "Leo nina jina," akasema. Kisha akasogeza gunia. "Mwadila, mayu. Kaa, basi. Jua kali."

Nikakaa. Nikafungua kopo, nikampa. Maneno niliyoyapanga kwenye basi yalibaki kwenye basi. Alikigeuza kichaka mara mbili tu.

"Dole lilitoka mapema," akasema.

"Lilikuwa limekufa. Limekufa mpaka leo."

"Nilijua."

"Ulijuaje? Hukukiona."

"Ulikata, mayu. Mtu aliyekaa siku tatu na kichaka kimoja asikate, siku ile akashika kisu haraka hivyo. Ningesoma nini tena?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Pale gatini wanaosoma vichaka walikuwa wawili. Mmoja ameshataja, mwingine ameshatajwa."

Nikamwambia mpango wangu, kwamba nakipeleka kwenu kiwe ushahidi. Alinisikiliza, huku amekishika mkononi. Halafu akachukua sindano ya magunia, akainua kitanzi cha kwanza.

"Usifungue!" nikasema. "Kabula, usifungue. Hicho ndicho nitakachowaonyesha."

"Waonyeshe mdomo wako," akasema. Hakuinua macho.

Alikifungua chote. Watu walinunua, walipita, walimsalimia, yeye anafungua. Nilikaa pale mpaka kivuli cha kibanda kikahamia upande mwingine. Sikumsaidia, ningemharibia. Alipomaliza akauzungusha mshipi juu ya gunzi la mahindi, ukakaa umenyooka, safi, huwezi kujua ulikuwa kitu gani. Akanipa. Nikamwambia nitawaandikia. Nikamuuliza kama wakimwita atakuja. Alinisindikiza mpaka kwenye basi, akanibebea kopo tupu, na mguu mmoja nimeshaupandisha akauliza, "Ile rili ya kijani bado ipo?"

Nikasema sijui. Kweli sijui.

Gunzi liko dirishani hapa ninapoandika. Napitisha dole juu yake kila siku. Nakuwa na uhakika mshipi upo kwa kuwa nauona.

Kwa hiyo kichaka hakipo, ushahidi uliobaki ni mimi. Yasomeni haya kwa sauti, pale pale gatini, meneja akiwepo na watu wa jikoni wakiwepo. Aliyemchana yule mzee ni dole la Mbuke. Mshipi haukuwa na kosa, aliyeuvisha hakuwa na kosa. Nilijua hivyo siku ile ile, kabla damu haijakauka kwenye mbao.

Halafu mmoja wenu aende Mwanhuzi. Asipige simu, aende, amwombe mbele ya watu, maana alifukuzwa mbele ya watu. Na rili ya kijani kama bado ipo, ipanguseni, itieni tone moja la mafuta, ining'inizeni kwenye msumari wa kwanza mlangoni. Ngoma iacheni tupu. Wengine msiguse.

Mshipi atavisha Kabula.